Kukunja, kioo au vimiraba: uanze na kipi kufundisha ulinganifu?

Chora mstatili ubaoni. Piga ulalo, toka kona ya juu mpaka kona ya chini upande wa pili, halafu uliza darasa: "Huu ni mstari wa ulinganifu?" Mikono itanyooka darasa zima, na karibu wote watasema ndiyo. Nimefundisha madarasa ya chini katika shule mbili za serikali hapa Dar es Salaam, moja upande wa Mbagala na nyingine Kinondoni, na sijaona darasa lililolikwepa shimo hili mara ya kwanza. Mwaka mmoja nililetewa mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni. Naye alinyoosha mkono, tena mapema kuliko watoto.

Ndiyo maana mtu akiniuliza njia ipi ni nzuri ya kufundisha ulinganifu, huwa namrudisha kwenye mstatili huo. Njia inayomfanya mtoto aone mwenyewe kwamba ulalo haufai, mimi nikiwa nimenyamaza, naiheshimu. Njia inayomwacha na imani aliyokuja nayo ni pambo la darasa tu, hata kama picha zake zinapendeza ukutani. Njia zote zilizo hapa chini nimezipima hivyo, pamoja na mambo ambayo mwalimu wa jiji hili hawezi kuyakimbia: watoto wengi, vifaa vichache, na kipindi cha dakika 40 ambacho dakika kumi za mwanzo huishia kwenye kutafuta kalamu.

Kosa lenyewe linatoka wapi

Linatoka vinywani mwetu. Tunaandika ubaoni: "Mstari wa ulinganifu ni mstari unaogawa umbo katika sehemu mbili zilizo sawa." Watoto wananakili, wanakariri. Sasa ulalo wa mstatili unagawa umbo katika pembetatu mbili zilizo sawa kabisa. Zikate, zungusha moja nusu mzunguko, utaona inalala juu ya mwenzake bila kubakiza hata uzi. Mtoto anayejibu ndiyo amefuata sentensi yetu neno kwa neno, halafu tunampiga alama ya kosa.

Msambamba, ule unaofanana na mstatili uliosukumwa ukaegemea upande, ndio unaoiumbua kabisa sentensi hiyo. Mstari wowote unaopita katikati yake unaugawa sawasawa, lakini hauna hata mstari mmoja wa ulinganifu. Usawa tunaoutafuta hapa ni wa kufunika, jinsi ukurasa wa kushoto wa daftari unavyoufunika wa kulia ukilifunga. Siku hizi naandika hivi: mstari wa ulinganifu ni ule ambao ukilikunja umbo juu yake, upande mmoja unaufunika mwingine bila kuzidi wala kupungua. Sentensi ni ndefu kidogo. Potelea mbali, haidanganyi.

Kukunja karatasi

Hii ndiyo njia ya kila mtu na haihitaji fedha. Karatasi usizichomoe katikati ya madaftari ya watoto, utagombana na wazazi. Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na shule, waombe nakala zilizoharibika kwenye mashine ya fotokopi. Hutupwa kila siku, na upande mmoja bado ni mweupe.

Lakini kukunja kuna kazi mbili, na wengi tunazichanganya. Kazi ya kwanza ni kutengeneza: kunja, chora nusu ya ua au ya kipepeo kwenye mkunjo, kata, fungua. Watoto wanashangilia. Tatizo ni kwamba kitu chochote utakachokikata kwa namna hiyo kitatoka kikiwa linganifu, hata ukikata ovyo huku umefumba macho. Hakuna jibu la hapana. Mtoto hajalazimika kuamua lolote, kwa hiyo akikutana na mstatili kesho atasema ndiyo vilevile.

Kazi ya pili ni kuchunguza. Mpe umbo lililokwisha kukatwa, mwambie atafute mikunjo inayokubali na inayokataa. Hapo ndipo karatasi inapofundisha. Mstatili ukiukunja kwa ulalo, kona mbili zinachomoza nje kama masikio ya mbuzi. Huhitaji kusema neno. Nimeshuhudia mtoto akikunja mara tatu, kila mara akibonyeza kwa kucha akidhani amekosea mkunjo, mpaka akamgeukia mwenzake: "Hii karatasi mbovu." Mwenzake alijaribu ya kwake, ikawa mbovu vilevile. Hapo ndipo wakaanza kuiangalia karatasi na kuacha kulaumu vidole.

Kuna hatua moja naipenda kuliko zote. Chukua karatasi ileile ya mstatili, kunja kona moja mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, chana ule ukanda unaobaki pembeni. Fungua: umepata mraba, na mkunjo uliopo ni ulalo wake, nao umekubali. Karatasi ileile iliyokataa ulalo dakika tano zilizopita sasa inaukubali. Kwa nini? Waachie swali hilo walale nalo. Nyumbani wanalo jibu bila kujua: nepi ya kitambaa ya mdogo wao ni ya mraba, mama huikunja pembetatu na kingo zinakutana. Khanga ukiikunja hivyo, kona zinapishana.

Kwenye kukata, tarajia ajali moja bila kukosa. Watoto kadhaa watakata upande wa wazi badala ya upande wa mkunjo, na kipepeo kitatoka vipande viwili. Usiwakaripie. Wabandike vipande hivyo ubaoni uulize mkunjo ulikuwa upande gani. Wanajifunza zaidi ya waliopatia. Na mikasi ikikosekana, wachane kwa mkono taratibu. Wembe wa kuchongea penseli usiuruhusu, maana utaitwa ofisini kabla kengele haijagonga.

Kukunja kunashindwa wapi? Kunashindwa kwa chochote kisichokunjika. Picha iliyo kitabuni huwezi kuikunja, wala kikombe, wala uso wa mwenzako, wala lango la shule.

Kioo

Kioo kinaanzia pale karatasi inapoishia. Unakisimamisha wima juu ya mstari, unainama, unaangalia. Kinapita juu ya picha ya kitabuni, jani au herufi, na humaliza maumbo kumi wakati karatasi imemaliza mawili.

Hata hivyo kina hila ambayo hakuna aliyeniambia, nikaigundua nikiwa nimeshaaibika mbele ya darasa. Kioo hakikatai kitu. Popote utakapokisimamisha, nusu unayoiona na taswira yake vitafanya umbo zuri, linganifu, limekamilika. Mtoto anaangalia, anaona limependeza, anasema "inalingana, mwalimu". Kwa upande wake hajasema uongo. Swali sahihi ni kama anachokiona kiooni ndicho kilichofichwa nyuma ya kioo.

Jaribu kwa mstatili wetu. Simamisha kioo kwenye ulalo, utaona umbo lenye ncha mbili, moja butu, nyingine imechongoka. Watoto wanalijua mara moja: tiara, ile ya kurushwa kwa uzi ufukweni. Umbo la kupendeza kabisa, lakini siyo mstatili. Asiyekumbuka alichoanza nacho ataridhika na tiara yake. Kwa hiyo kila umbo nalichora mara mbili, moja chini ya kioo na moja pembeni, mtoto aangalie huku na huku. Tangu nianze hivyo, tiara imekuwa kicheko cha darasa: "Mwalimu, mstatili umegeuka tiara!"

Kuhusu vifaa. Vioo vidogo vya mfukoni vinavyouzwa na machinga Kariakoo ni rahisi, lakini vingi vina fremu ya plastiki. Fremu inakiinua kioo kisiguse karatasi, na taswira inaachana na umbo. Bora uende kwa fundi wa vioo, umwombe mabaki. Mimi nilimkuta fundi ana rundo la vipande alivyokuwa anangoja kuvitupa. Alinikatia ukubwa wa kiganja, akanisugulia kingo kwa msasa, nami nikavizungushia tepu pande zote. Hata hivyo utaona mwanya mwembamba kati ya umbo na taswira, kwa sababu rangi inayorudisha mwanga iko nyuma ya kioo na siyo mbele. Watoto wenye macho makali watauliza. Wajibu, ni swali zuri.

Sahani za zamani za muziki na filamu, zile za kung'aa, nimezijaribu pia. Ukingo wake ni wa mviringo, haukai juu ya mstari, na tundu la katikati linakula nusu ya umbo. Ziache zining'inie bustanini zifukuze ndege.

Jambo lingine ni madawati. Kwenye dawati la watoto watatu, anayeona taswira vizuri ni yule aliye mbele ya kioo. Wa pembeni wanaona dari au sikio la jirani. Kioo kimoja kwa dawati moja maana yake ni mtoto mmoja anayejifunza na wawili wanaomsukuma. Lazima wapokezane, nawe uhesabu muda. Na jua la saa nne likiingia dirishani, toa dakika tatu za kumulikana ukutani kwa hiari yako, la sivyo watazichukua wenyewe.

Nikivisimamisha hivi viwili

Swali ambalo walimu wapya huniuliza mara nyingi ni hili, tena kwa simu usiku, kesho asubuhi wana kipindi: "Dada, nianze na kukunja au na kioo?" Anza na kukunja, kwa kuchunguza, siyo kwa kukata maua. Karatasi inajua kukataa. Mtoto akishaona masikio yakichomoza mara kadhaa, anakuja kwenye kioo akiwa na shaka kichwani, na bila shaka hiyo kioo kitamdanganya. Ukianza na kioo, utatumia wiki nzima kung'oa tiara.

Lakini usiishie kwenye karatasi. Kukunja ni kujaribu kwanza kujua baadaye: anakunja, ndipo anaona. Kwa kioo unaweza kugeuza mpango. Mpe nusu ya picha, mwambie achore kwa kukisia nusu ya pili kabla ya kusimamisha kioo. Hapo ndipo utakapojua nani ameelewa na nani anabahatisha.

Kwa darasa la watoto 110, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa ya namna hiyo si hadithi mjini hapa, kukunja kunawezekana kwa wote kwa wakati mmoja. Kioo hakiwezekani, labda uligawe darasa: nusu wanachora, nusu wanashika vioo, halafu wanabadilishana. Darasa la watoto 30 la shule binafsi halina kikwazo hicho, na huko ningekwenda kwenye kioo mapema, siku ya pili tu.

Rangi ya kukunja

Unadondosha rangi upande mmoja wa karatasi, unakunja, unabonyeza, unafungua. Inapendeza mno, na kwa chekechea naikubali bila maneno. Kuanzia Darasa la Pili naiona ni kukata maua kwa jina lingine: hakuna jibu la hapana. Ukitaka kuijaribu bila gharama, bluu ya kufulia na manjano ya jikoni vikikorogwa na uji mwepesi wa ngano vinatosha. Kumbuka tu kwamba sare ni shati jeupe, na kesho yake mama wa mtu atakuwa mlangoni.

Vimiraba vya daftari la hesabu

Njia hii inadharauliwa kwa sababu haina shangwe, nami naiweka ya tatu kwa umuhimu. Chora mstari wima katikati ya ukurasa, chora umbo upande mmoja, mtoto ahesabu: kona hii iko vimiraba vitatu kutoka kwenye mstari, basi mwenzake awe vimiraba vitatu upande wa pili, safu ileile. Hapa ndipo ulinganifu unapoacha kuwa mambo ya macho na kuwa hesabu. Umbali ni sawa, na unapita moja kwa moja kuuvuka mstari, hauendi mshazari. Kukunja kunaonyesha kwamba pande zinafunikana, vimiraba vinaeleza kwa nini.

Kosa lake lina sura moja. Mtoto analihamisha umbo badala ya kuligeuza. Umpe bendera inayopepea kulia, atachora upande wa pili bendera nyingine inayopepea kulia, vimiraba vyote sahihi. Usimfutie. Mwambie akunje ukurasa kwenye mstari, aulenge dirishani kwenye mwanga. Bendera mbili zitakataa kukutana na atacheka mwenyewe.

Mstari wa wima wanauweza upesi. Wa mlalo unawachelewesha kidogo. Wa mshazari usiuguse mpaka mwakani, na ukiugusa, ruhusu karatasi kuzungushwa mpaka mstari usimame wima machoni pa mtoto.

Daftari lenye vimiraba likiwa haba, tumia ubao wa drafti na vizibo vya soda. Wawili wanakaa wakitazamana, mstari ni ule wa katikati ya ubao. Mmoja anaweka kizibo popote upande wake, mwingine anajibu upande wa pili, mbele yake kabisa. Vizibo vinane hivi vikishakaa, wanakagua. Mchezo huu nimeuona ukiendelea wakati wa mapumziko bila mwalimu, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu somo lolote lingine ninalofundisha.

Uwanjani

Hii haina gharama na haina kifaa zaidi ya kijiti. Chora mstari mrefu mchangani. Watoto wawiliwawili wasimame wakitazamana, kila mmoja hatua moja kutoka kwenye mstari. Mmoja ni mtu, mwingine ni kioo chake. Mtu akirudi nyuma hatua mbili, kioo nacho kinarudi mbili. Mtu akiinua mkono wa kulia, kioo kinainua wa kushoto, na hapo zogo linaanza, kwa sababu wengi watainua wa kulia. Waache wabishane. Katika dakika kumi utakuwa umegusa umbali sawa na kugeuka kwa kulia na kushoto, na darasa la watoto mia limeshiriki wote. Kwa mstatili na ulalo wake njia hii haisemi kitu, kwa hiyo kwangu ni ya kufungulia mada, na hapo sijui nyingine inayoizidi.

Khanga, bendera na ubao wa bao

Ushauri wa kawaida ni kufundisha kwa vitu vya nyumbani, na kitu cha kwanza kinachotajwa ni khanga. Naikubali khanga, lakini kwa sababu tofauti na ya wengi. Wengi huileta kama mfano wa ulinganifu. Mimi naileta kwa sababu inaukosa kwa jambo dogo. Tandaza khanga moja ubaoni. Pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, na nakshi nyingi zinakubali mstari wa wima na wa mlalo. Kisha soma jina lililoandikwa chini ya mji. Maneno yanakwenda upande mmoja tu. Kwa jina hilo peke yake, mistari yote miwili imekufa. Watoto huanza kusema "isipokuwa maandishi", na neno hilo "isipokuwa" ni hatua kubwa, maana sasa wanatazama vipande na siyo picha nzima. Khanga yenye nakshi ya korosho ni ngumu zaidi: korosho moja imepinda kichwa, haina mstari hata mmoja, lakini korosho mbili zilizotazamana zinao.

Angalia usichukue kitenge ukidhani ni kitu kilekile. Vitenge vingi vinarudia ua moja mara mia, likielekea upande uleule. Huko ni kurudia, hakuna kugeuza, na mtoto atakuambia "vinafanana" akidhani amejibu.

Bendera ndiyo silaha yangu ya mwisho dhidi ya ulalo. Kila asubuhi mstarini watoto wanaitazama, na ukiwauliza wanaapa kwamba ule mkanda mweusi ni mstari wa ulinganifu. Lakini bendera ni mstatili. Kunja ya karatasi kwa ulalo: masikio yaleyale, na juu ya hayo kijani kinaangukia bluu. Ukisahau rangi, ukaizungusha nusu mzunguko, inarudi ilivyokuwa. Huo ni ulinganifu wa kuzungusha, na kwa watoto wakubwa kidogo unaweza kulifungua jina hilo hapohapo. Bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa na mikanda ya mlalo, kijani, njano, nyeusi, njano, kijani, na ilikuwa na mistari miwili ya ulinganifu. Ya Zanzibar, bluu, nyeusi na kijani, ilikuwa na mmoja wa wima. Zilipounganishwa, bendera iliyopitishwa tarehe 30 Juni 1964 ikabaki haina hata mmoja. Wachore zote tatu, wahesabu. Kipindi kinajiendesha.

Aliye na ubao wa bao auangalie pia. Mashimo 32, safu nne za manane, unaonekana linganifu kila upande. Lakini nyumba ya kila mchezaji ni shimo la nne kutoka kulia kwake mwenyewe, na wachezaji wanatazamana. Weka kioo katikati ya ubao, nyumba hazikutani. Zungusha ubao nusu mzunguko, zinakutana. Lazima iwe hivyo, la sivyo mchezaji mmoja angeonewa. Mzee mmoja wa kijiweni nilipomweleza haya aliniambia alijua siku zote, ila hakujua kama ni hesabu.

Majani na samaki, kwa kupita tu. Jani la mkungu linakubali vizuri. Jani dogo moja la mwarobaini halikubali, kitako chake kimeenda upande, na wengi hawajawahi kuliona hilo licha ya mti kuwa uani kwao. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kina mistari mitano. Kaa dume wa kwenye mikoko ya Kunduchi, yule wa gando moja kubwa, hana. Na ukipata gayogayo, yule samaki bapa, pale soko la samaki la Feri, mlete darasani: macho yote mawili yako ubavu mmoja, ingawa alipokuwa kichanga yalikuwa moja kila upande kama samaki wengine.

Simu na kompyuta

Programu kama GeoGebra ni ya bure, na inaonyesha jambo ambalo karatasi haiwezi: unaburuta kona moja, mwenzake upande wa pili inasogea papo hapo. Ukiwa na projekta na umeme wa uhakika, itumie baada ya vimiraba, kwa dakika chache. Simu moja ya mwalimu mbele ya watoto 110 ni sinema ya walio mstari wa mbele. Sina zaidi la kusema hapo.

Uchague nini

Ukiwa na kipindi kimoja tu na huna chochote: uwanjani dakika kumi, karatasi za fotokopi muda uliobaki, mstatili wa ulalo mwishoni. Ukiwa na wiki: kukunja siku mbili, kioo siku moja, vimiraba siku mbili, na bendera katikati yake pale utakapoona wamechoka. Ukiwa na darasa dogo na fundi wa vioo karibu, punguza kukunja, ongeza kioo, lakini ile siku ya kwanza ya masikio usiiruke. Ukiwa unawaandaa kwa mtihani, vimiraba na kuhesabu mistari ya maumbo: mraba minne, mstatili miwili, pembetatu sawa mitatu, pembetatu pacha mmoja, msambamba hakuna, duara haihesabiki.

Ukiwa mzazi nyumbani na mtoto mmoja, mpango unabadilika kabisa. Huna watoto watatu kwenye dawati, kwa hiyo chukua kioo cha kabati na uanze na maneno. Mwandikie kwa herufi kubwa KIOO, simamisha kioo chini ya neno, asome kiooni. Kinasomeka KIOO. Jaribu KIBOKO, DEBE, HODI, na lile litakalomfanya agaagae kwa kicheko, CHOO. Halafu yaandike mengine kwa kushuka, herufi chini ya herufi, uweke kioo pembeni: MAMA inakubali, MTOTO inakubali, MAYAI inakubali. BABA inakataa huku na huku, umsimamishe umlaze. Muulize ni herufi gani inayomharibia baba, na kwa upande upi. Kisha aandike jina lake. Hawa na Mwita watafurahi, Zainabu atanuna, na hapo itabidi umtafutie Zainabu herufi zake mbili zinazokataa kioo huku na huku lakini zinapenda kuzungushwa.